Narbonne, Pézenas au Collioure? Kuchagua pa kuishi miezi michache kwenye jua la Languedoc

Wanaoniuliza kuhusu kusini mwa Ufaransa ni wa aina mbili. Yupo aliyeko Ulaya tayari, Rotterdam au Birmingham au Hamburg, amechoshwa na mawingu, kazi yake ni ya nusu mkataba au anakaribia kustaafu, na anatafuta pa kukimbilia kwa wiki kadhaa kila mwaka. Yupo na aliyeko Nairobi au Dar, watoto wameshajitegemea, anataka safari ya kutulia mahali pamoja badala ya kuzungushwa miji kumi kwa basi. Wote wawili huanza na Provence kwa kuwa ndilo jina walilolisikia. Wakishaona bei, wanauliza kama hakuna jirani yake wa mtu wa kawaida.

Yupo. Vuka mto Rhône uelekee magharibi, utaingia Languedoc, na baada yake Roussillon: ukanda wa mizabibu unaoanzia pande za Nîmes hadi mpaka wa Hispania, ambao tangu 2016 uko ndani ya jimbo la Occitanie. Jua halikosekani. Perpignan hupata takriban saa 2,500 za jua kwa mwaka, na Paris kama 1,700. Mizabibu utaiona hadi uichoke.

Humo ndani kuna vijiji mamia, lakini kwa mtu wa kuja na kuondoka nimechukua miji mitatu isiyofanana. Narbonne ni mji wa watu na kazi zao, una reli na hospitali. Pézenas ni mji mdogo wa soko, katikati ya mashamba. Collioure ni bandari ndogo ya Kikatalani, chini kabisa karibu na mpaka, ile unayoiona kwenye kalenda. Niseme mapema kwamba mimi naegemea Narbonne, ingawa kwa sura haimfikii mwenzake yeyote kati ya hao wawili. Mtu wa msimu anahitaji mji ambao haumfungii milango Novemba na haumlazimishi kununua gari, na hapo ndipo hii mitatu inapotengana.

Asubuhi ya kawaida

Soko la ndani la Narbonne, jengo la chuma na vioo la mwaka 1901, hufunguliwa kila asubuhi ya Mungu, Jumapili ikiwemo. Ukiingia saa nne utakuta wauza samaki wanapanga pweza juu ya barafu, mwenye jibini anakukatia kipande uonje kabla hujauliza bei, na kuna kaunta moja ambapo mpishi huagiza nyama kwa kipaza sauti kutoka kwa mchinjaji wa upande wa pili. Nyama inafungwa kwenye karatasi, inarushwa juu ya vichwa vya wateja, anaidaka, inaingia kikaangoni. Wageni wanatoa simu wapige picha. Wenyeji hawainui hata macho, wanaendelea na glasi zao za mvinyo mweupe na habari za raga. Saa saba au saa nane mchana meza zinaoshwa na soko linafungwa mpaka kesho.

Nje ya soko kuna mfereji wa Robine unaopita katikati ya mji, na daraja ambalo juu yake wamejenga maduka, kiasi kwamba unaweza kulivuka usijue kama uko juu ya maji. Uwanja wa mbele ya ukumbi wa mji umeachwa na shimo la wazi linaloonyesha mawe ya Via Domitia, barabara ya Warumi walioanzisha koloni hapa mwaka 118 kabla ya Kristo. Kanisa kuu lake ni nusu kanisa: walijenga sehemu ya altare tu, dari likafika mita 41, kisha ujenzi ukakwama kwa sababu kuendelea kungebomoa ukuta wa kuulinda mji. Hakuna anayeona haya. Ni mji uliozoea kuishi na mambo yasiyokwisha.

Pézenas ni kinyume: kila kitu kimekwisha na kimepigwa rangi. Katika karne ya 17 hapa ndipo palipokuwa na fahari ya watawala wa Languedoc, na Molière, mwandishi wa tamthilia, na kikundi chake waliigiza hapa katika miaka ya 1650 chini ya ulinzi wa mwana-mfalme wa Conti. Majumba ya enzi hizo yapo bado, yenye ngazi za mawe na nyua za ndani, na chini yake sasa kuna mafundi wa ngozi, vioo na vyungu. Soko lake kubwa ni la Jumamosi, na siku hiyo mji mzima unakuwa sokoni. Jumatatu tembea utasikia viatu vyako mwenyewe.

Uwapo Pézenas onja kile kipai kidogo chenye umbo la kigurudumu cha uzi, nyama ya kondoo ndani pamoja na maganda ya limau na sukari. Inasimuliwa kwamba wapishi wa Lord Clive, aliyekuja hapa mwaka 1768 baada ya kutajirika India, ndio waliowaachia wenyeji mapishi hayo. Kwa sisi tuliolelewa na vitafunwa vilivyovuka bahari kutoka India, ni kama kukutana na sambusa ya mjomba aliyehamia mbali akaanza kutia sukari. Kinaliwa cha moto. Cha baridi usijaribu.

Collioure haina haja ya kusifiwa. Wachoraji Henri Matisse na André Derain walifika kiangazi cha 1905, wakapaka rangi kali bila kuomba radhi, na Paris ikawaita wanyama wakali. Ngome ya kifalme inaingia baharini, mnara wa kanisa uliwahi kuwa taa ya kuongozea meli, nyuma kuna vilima vya mizabibu. Zamani mji uliishi kwa dagaa wa kutiwa chumvi, na biashara hiyo haijafa, ingawa nyumba zinazoifanya zimebaki chache mno. Soko ni Jumatano na Jumapili. Julai na Agosti huwezi kupita uchochoroni bila kugongana na mtu, Januari huwezi kumpata wa kumgonga. Migahawa mingi inafunga, madirisha ya mbao yanafungwa, na unabaki wewe, paka, na upepo.

Treni au gari

Hapa ndipo uamuzi wangu ulipotoka, kwa hiyo nikae kidogo.

Narbonne ni njia panda ya reli. Mstari mmoja unakuja kutoka Montpellier na Béziers, mwingine unakwenda Carcassonne na Toulouse, wa tatu unashuka Perpignan na Barcelona. Béziers ni kama robo saa kwa treni, Carcassonne nusu saa, Perpignan dakika arobaini hivi. Treni ya mwendokasi inakufikisha Paris bila kubadilisha. Anayetoka Nairobi ana ndege ya moja kwa moja hadi Paris, na baadhi ya treni za mwendokasi za kusini huondokea kituo kilicho ndani ya uwanja wenyewe wa Charles de Gaulle, kwa hiyo unaweza kuburuta sanduku kutoka kwenye ndege hadi kwenye behewa bila kuigusa Paris. Kwa mtu anayekuja na kuondoka mara mbili kwa mwaka, hilo ni jambo kubwa kuliko mandhari ya dirishani.

Kuna faida nyingine ambayo Mfaransa asingeifikiria. Ukiwa Narbonne unaweza kupanda treni ya kama saa tatu ukashukia Marseille, mji wenye jamii kubwa kabisa ya Wakomoro nchini Ufaransa. Mtu wa Mombasa au Unguja akikaa sokoni akasikiliza Shingazija, atashika neno moja kati ya mawili, na wali wa nazi atakula. Ukiwa na upweke wa ugenini, safari hiyo ya siku moja inatibu.

Collioure nayo ina steshini, jambo ambalo wengi hawalijui. Reli ya pwani inatoka Perpignan, inapita Argelès, Collioure, Port-Vendres na Banyuls, inaishia Cerbère mpakani. Perpignan ni chini ya nusu saa. Kwa hiyo bila gari unaishi, mradi usitegemee treni ya usiku. Na ukiwa na gari, kiangazi utajuta, kwa maana kuegesha Collioure ni kazi ya nusu siku.

Pézenas haina treni ya abiria. Yapo mabasi ya kwenda Béziers na Montpellier, na barabara kuu ya A75 inapita ubavuni, lakini kusema ukweli bila gari utakuwa mfungwa wa mji mzuri. Ukiwa nalo, mambo yanageuka kabisa: hakuna kituo bora kuliko hiki katika mkoa mzima wa Hérault. Ziwa la chumvi la Thau liko karibu kusini, vilima vya Faugères karibu kaskazini, Béziers na milango yake ya maji pale Fonseranes, iliyopangwa kama ngazi ili mashua zipande mlima, ni kama nusu saa. Fonseranes ni kazi ya Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, aliyechimba Canal du Midi kati ya 1666 na 1681 ili kuunganisha Toulouse na bahari ya Mediterania, kilomita 240. Njia ya kando ya mfereji ni tambarare na inafaa baiskeli, ingawa miti mikubwa iliyokuwa ikiutilia kivuli imeshambuliwa na ugonjwa wa ukungu na mingi imekatwa.

Upepo, bahari na moto

Hakuna anayeuza nyumba huku atakayekutajia tramontane. Ni upepo wa kaskazini-magharibi unaoshuka kati ya milima, unafukuza mawingu yote, ndiyo sababu mojawapo ya hilo jua, kisha unavuma siku tatu mfululizo mpaka kichwa kiume. Narbonne na Collioure zote mbili ziko kwenye njia yake. Pézenas iko pembeni kidogo na inapumua zaidi. Huo ni ushindi wa wazi kwa Pézenas, na ninaukubali.

Upepo huo huo unaisukuma sehemu ya juu ya bahari kuelekea nje, na maji ya chini yaliyo baridi yanapanda. Aliyezoea kuogelea Nyali au Kendwa atashtuka: mwezi wa Julai, jua linachoma mgongo, mguu unaingia kwenye maji ya nyuzi 17. Siku mbili baadaye yamepata joto tena. Kwa kuogelea, Septemba ndiyo mwezi wa uhakika zaidi. Narbonne yenyewe haiko ufukweni, fukwe zake ziko kilomita kumi na kitu kwa basi, ndefu na za mchanga. Collioure bahari iko mlangoni lakini fukwe ni fupi na za kokoto. Pézenas itabidi uendeshe hadi Agde au Marseillan.

Kiangazi si mchezo tena. Vérargues, kijiji cha Hérault, kilipima nyuzi 46.0 tarehe 28 Juni 2019, rekodi ya Ufaransa. Pyrénées-Orientales, mkoa wa Collioure, ilianza kukaukiwa mwaka 2022 na kuishi na vizuizi vya maji kwa muda mrefu. Agosti 2025 moto uliteketeza takriban hekta 16,000 za Corbières, magharibi ya Narbonne, na mtu mmoja akafa nyumbani kwake. Huko huko Aude, mkoa wa Narbonne, Oktoba 2018, mafuriko ya usiku mmoja yaliukumba Trèbes na vijiji jirani, watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Sisemi haya kukutisha. Nasema kwamba Julai na Agosti waachie wenye likizo za shule, na kama unaangalia nyumba, uliza kwanza kama iko kwenye bonde la mto au ubavuni mwa msitu. Iliyo karibu na msitu sheria inakutaka ufyeke vichaka mita 50 kuizunguka, na anayeishi Hamburg hawezi kufyeka kwa simu.

Miezi mizuri ni Mei, Juni, Septemba na Oktoba. Januari Perpignan mchana hufika nyuzi 12 au 13, si baridi ya Hamburg, lakini nyumba za mawe zilijengwa kukimbia joto. Ndani huwa baridi kuliko nje, na umeme wa kupasha moto utauona kwenye bili.

Mizabibu, na wasiokunywa

Kama mvinyo ndio uliokuleta, kila mji una wake, na hapa sina upendeleo.

Collioure na Banyuls wana miteremko ya miamba iliyopangwa kwa matuta na kuta za mawe makavu, na mifereji ya kuchepusha maji ya mvua ili udongo usishuke baharini. Mashine haipandi huko, zabibu zinachumwa kwa mkono. Mvinyo wa Banyuls ni mtamu: wakati zabibu bado zinachachuka wanatia pombe kali, uchachukaji unasimama na sukari ya tunda inabaki. Mbinu hiyo inahusishwa na tabibu Arnaud de Villeneuve wa karne ya 13. Jina la Banyuls limelindwa tangu 1936, na la Collioure, ule mkavu, tangu 1971.

Narbonne imezungukwa: La Clape, kilima cha chokaa ambacho zamani kilikuwa kisiwa, kilipata jina lake la mvinyo linalolindwa 2015 na kinatoa mweupe wenye ladha ya chumvi kutoka zabibu za bourboulenc. Corbières na Minervois ziko nyuma, Fitou kusini. Pézenas ina Picpoul de Pinet, mweupe mkali wa kunywewa pamoja na chaza wa Bouzigues ukiwa umekaa kando ya ziwa la Thau unapowaona wanavyolelewa kwenye kamba, na juu vilimani mna wekundu wa Faugères na Saint-Chinian.

Ninachokushauri, usikimbilie majumba yenye lango la chuma. Nenda kwenye ushirika wa kijiji. Ushirika wa wakulima wa zabibu ndio moyo wa ukanda huu. Ule wa Maraussan, karibu na Béziers, ulianzishwa 1901. Pale unanunua kwa galoni, wanakujazia chombo chako kwa bomba, na aliye mbele yako kwenye foleni ndiye aliyelima. Ukitaka kujua kwa nini wanashikamana hivyo, waulize kuhusu 1907. Bei ilikuwa imeanguka, Marcelin Albert, mkulima na mwenye mkahawa wa Argeliers, akaongoza maandamano ya kila Jumapili mpaka Montpellier ikajaa umati unaokadiriwa kupita nusu milioni. Juni ile jeshi liliua raia Narbonne, na askari wa kikosi cha 17, wengi wao watoto wa huko huko, wakaasi na kukaa Béziers. Leo shida imerudi kwa sura nyingine. Watu wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo, ukame unabana, na Aude na Pyrénées-Orientales ni miongoni mwa mikoa iliyong'oa mizabibu mingi kwa fidia ya serikali. Utaona mashamba matupu kati ya mashamba mabichi. Usidhani ni uvivu.

Dereva anaruhusiwa gramu 0.5 tu za kilevi kwa lita ya damu, hivyo kutema baada ya kuonja ni adabu ya kawaida, wala hutachekwa.

Na usiyekunywa? Swali hili kwa wasomaji wetu si la pembeni. Narbonne, Béziers na Perpignan zina jamii kubwa za watu wenye asili ya Maghreb, kwa hiyo mabucha ya halali yapo, na Ramadhani hutafuturu peke yako. Perpignan, pale uwanja wa Cassanyes, kuna soko la mitaani lenye giligilani kwa mafungu, minanaa, tende na viungo vya kila rangi. Pézenas utapata kidogo, Collioure karibu hakuna, itabidi upande treni na begi la baridi. Mashambani wenyewe, wengi watakuuzia juisi ya zabibu na mafuta ya zeituni kwa moyo ule ule.

Lugha

Mkongomani wa Bukavu au Mrundi mwenye Kifaransa chake ameshawatangulia wengine wote, popote atakapokaa. Mwenye Kiingereza pekee atapumua Pézenas, ambako Waingereza na Waholanzi wengi wamenunua nyumba. Narbonne utalazimika kujifunza, na wauza samaki ni walimu wenye subira. Dukani ukiingia toa salamu kwanza. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo, lakini waliokaa London miaka mingi huwa wamesahau.

Pasi yako inasemaje

Mwenye uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya aruke sehemu hii. Wengine wote, pamoja na mwenye pasi ya Uingereza, kumbukeni hesabu ya siku 90 ndani ya siku 180 katika eneo la Schengen. Haihesabiwi kwa mwaka wala kwa nusu mwaka wa kalenda: kila siku unayokaa, rudi nyuma siku 180, hesabu ulizokuwa ndani, siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabika. Wiki sita za Mei na Juni pamoja na wiki sita za Septemba na Oktoba ni siku 84, unapita. Ongeza wiki moja zaidi ya Oktoba na tayari umevuka. Tangu Oktoba 2025 mipaka imeanza kurekodi kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha, kwa hiyo usitegemee muhuri uliofifia. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Uholanzi naye ana siku 90 hizo hizo nje ya nchi iliyompa kibali.

Anayetoka Kenya au Tanzania huomba viza fupi, ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Anayetaka kukaa zaidi ya miezi mitatu aombe viza ndefu ya mgeni. Utaonyesha kipato, bima ya afya na mahali pa kukaa, na utaahidi kutofanya kazi Ufaransa. Ukipewa ile inayosimama badala ya kibali cha ukaazi, lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu baada ya kufika. Na kuvuna zabibu kwa malipo ni kazi, hata kama shamba ni la rafiki.

Kupanga au kununua

Panga. Hapa sitazunguka sana.

Nyumba za kawaida za kijiji huku Languedoc zina bei za kumfanya mtu wa London acheke, Collioure ikiwa ghali zaidi kwa mbali kuliko ile miji mingine miwili. Lakini juu ya bei kuna gharama za notaire, mwanasheria anayethibitisha mauziano, za asilimia 7 hadi 8 kwa nyumba ya zamani, kuna kodi ya ardhi kila mwaka, na kuna kodi ya makazi ambayo wakaazi wa kudumu walifutiwa lakini mwenye nyumba ya pili bado anailipa. Halmashauri zenye uhaba wa nyumba zinaruhusiwa kuiongeza kwa asilimia 5 hadi 60. Bei rahisi ya nyumba mara nyingi imejificha kwenye daraja lake la nishati, A hadi G: iliyopewa G, ya mwisho kabisa, hairuhusiwi kupangishwa upya kama makazi ya kudumu tangu Januari 2025, hivyo ndoto ya kumpangisha mpangaji wa kudumu ukiwa haupo inakufa hapo. Ukishatia sahihi mkataba wa awali una siku kumi za kughairi bila kudaiwa. Zitumie kulala na kuamka nalo.

Kupanga kwa msimu kuna mipaka yake pia: nyumba ya kitalii haipangishwi kwa mtu mmoja zaidi ya siku 90 mfululizo. Nje ya Julai na Agosti, mwandikie mwenye nyumba moja kwa moja umuulize bei ya mwezi mzima, hiyo ndiyo lugha inayomvutia, kwa sababu Oktoba nyumba yake ingekaa tupu.

Nani aende wapi

Wanandoa wenye gari, Kiingereza, na mapenzi ya vitu vya kale: Pézenas, na mlenge maonyesho ya vitu vikuukuu yanayofanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Oktoba. Mchoraji, au mtu anayetaka wiki tatu za uzuri mtupu na miguu ya kupanda vilima: Collioure, Juni au mwisho wa Septemba, au apange Port-Vendres jirani yake, bandari ya kweli yenye wavuvi, kituo kimoja cha treni, kisha Collioure aende kwa miguu. Asiye na gari, anayefuturu, anayetaka daktari karibu, anayerudi kila mwaka na pengine siku moja akae baridi nzima: Narbonne, na achukue nyumba kati ya soko na steshini, ghorofa ya kwanza au ya pili, madirisha yakielekea kusini. Ya kaskazini-magharibi ina mwanga mzuri na bei nafuu. Ndiyo ile ambayo tramontane inaigonga usiku.